Mwanamume Aliyeniuliza Majina ya Leso

Nairobi hakuna mtu wa posta anayekubishia hodi na barua mkononi. Barua huenda kwenye sanduku, sanduku lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Kama huna sanduku, na wengi wetu mitaani hatukuwa nalo, unaazima: la msikiti, la kanisa, la shule uliyosomea, la ofisi ya mjomba. Kwa hiyo miaka ile ukitaka kupendana na mtu kwa barua katika mji huu, kulikuwa na mtu wa tatu wa kuridhishwa kwanza, naye ni yule mwenye ufunguo.

Wangu alikuwa tajiri wangu, Mhindi wa Biashara Street, muuza leso, vitenge na vikoi. Aliniajiri mwanzoni mwa miaka ya 1990, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Kila asubuhi tarishi wa duka alikwenda Posta Kuu, Kenyatta Avenue, akarudi na mfuko wa ankara na barua za biashara, na mara mojamoja ndani ya mfuko huo ikawamo bahasha yangu. Tajiri aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma muhuri, akaniambia, "Iko barua yako. Kigoma tena." Basi. Miaka yote ile hakuniuliza Kigoma kuna nani, na kwa hilo tu namwombea dua mpaka leo.

Huyo wa Kigoma nilimpata redioni. Sisi ni watu wa Majengo, Pumwani, na nyumbani kwa nyanya redio haikuzimwa ila kwa adhana na kwa betri kwisha. Idhaa moja ya Kiswahili ya ng'ambo ilikuwa na kipindi cha kuwasomea wasikilizaji majina na anwani za waliotaka marafiki wa kalamu. Nikatuma jina langu, sanduku la duka, na mahali pa kueleza mtu anapenda nini nikaandika: kuuza leso na kusoma majina yake. Baada ya kusomwa, barua zikaja kwa fungu. Tajiri alinung'unika siku mbili tatu, akidhani nimefungua biashara yangu ndani ya yake.

Nizieleze kidogo barua hizo, maana ndizo zilizonifunza kusoma. Zaidi ya nusu zilianza kwa maneno yaleyale, neno kwa neno, ziwe zimetoka Malindi, Kakamega au Morogoro: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kila aliyesoma shule ya bweni enzi zetu anaujua wimbo huo. Kulikuwa na wavulana waliolipwa mkate au sabuni wawaandikie wenzao, na barua moja nzuri ikizunguka bweni zima hadi ikawafikia wasichana wanne wa shule moja katika wiki moja, wote wakiambiwa kuwa ni ua pekee bustanini. Wengine kwenye fungu langu walitaka picha kabla ya salamu. Mmoja aliuliza tajiri wangu ni Mhindi wa madhehebu gani na kama ana kazi ya dereva. Mwingine alinitumia kipimo cha mguu wake, akachora kabisa wayo kwenye karatasi, nimtafutie viatu Gikomba.

Halafu ikawapo moja fupi, karatasi ya daftari la mistari, wino wa buluu, kutoka Ujiji. Iliniita "Dada". Ikajitambulisha: karani wa bandari ya Kigoma, anaishi na mama yake mjane. Kisha ikauliza: leso mnazouza wiki hii zina majina gani? Kwetu huku zinachelewa kufika, na mama hupenda kujua mapema. Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu chenye maandishi ya Kifaransa na muhuri wa posta ya Dar es Salaam.

Sikukijua. Nikakipeleka Posta Kuu saa ya chakula cha mchana. Karani wa dirishani akakigeuza huku na huku, akamwita mkubwa wake, mkubwa akaja na miwani akacheka. Akanieleza kuwa ni kuponi ya jibu, jambo ambalo Umoja wa Posta Duniani ulilipitisha tangu mkutano wa Roma mwaka 1906. Stempu ya Tanzania haifai kitu Kenya, kwa hiyo ukitaka kumlipia mtu wa nchi nyingine gharama ya kukujibu, unanunua kuponi kwenu, naye anaibadilisha kwao kwa stempu za kutosha barua moja ya ndege. Nikapewa stempu zenye ndege wa Kenya. Nikatoka pale nikipiga hesabu. Mtu asiyenijua alipokwenda Dar aliingia posta, akanunua kitu cha bei, akakitunza njia nzima ya kurudi, zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati, ili jibu langu lisinigharimu. Na swali lake lenyewe lilikuwa jepesi kujibika.

Nikamjibu. Nikamwandikia majina ya leso zilizokuwa rafuni wiki hiyo: Wema hauozi. Sisi sote abiria dereva ni Mungu. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Akarudisha, na hapo ndipo nilipomwona. Hakuandika "asante kwa barua yako nzuri" halafu akaanza hadithi yake. Alilichukua jina moja moja kwa mpangilio wangu. La kwanza mama amelipenda. La pili anasema linamfaa kila anayepanda Liemba, meli ya ziwani kwetu. La tatu tusilipeleke kwa jirani yetu, vita vitaanza. Kisha akaniuliza nani hununua leso za maneno makali Nairobi, wake wenza au majirani.

Nilikuwa na jibu refu la swali hilo, na ninalo bado.

Hivyo tukaendelea. Barua ikienda vizuri ilichukua wiki mbili, ikienda vibaya tano, na mvua za huko zikikata reli usiulize. Kwa kuwa kila mmoja alichoka kungoja akaandika nyingine kabla ya jibu, barua zikawa zinapishana njiani. Unasoma leo anakuuliza habari uliyokwisha kumpa barua iliyopita, na yeye huko anasoma jibu la swali ambalo hakumbuki kuuliza. Yeye ndiye aliyeleta dawa: tuzitie namba pembeni, juu kulia, na kila mmoja aanze kwa kusema ni namba ngapi anayoijibu. Ukarani huo. Wenzangu dukani walicheka, wakaniuliza kama napendwa au nahesabiwa mizigo. Lakini namba ndizo zilizotuonyesha barua iliyopotea. Yake ya kumi na nne haikufika hata leo, na tukigombana bado huniambia kuwa kila nililostahili kujua alilieleza humo.

Watu hudhani barua za mapenzi ni za mapenzi tu. Zetu zilikuwa na dagaa, bei ya migebuka, nauli, ugonjwa wa mama yake wa miguu, tajiri wangu na hasira zake za mwisho wa mwezi. Barua nzima ilinieleza habari za meli ile ya Liemba aliyokuwa akiipokelea mizigo: ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipandevipande ikasafirishwa mpaka Kigoma, Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe mwaka 1916 wasiwaachie adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na yeye leo anagonga mihuri ya magunia ya mahindi juu ya sitaha yake. Sikujali meli. Lakini aliiandika hivyo kwa sababu barua ya nyuma nilimuuliza, kwa mzaha, kama chombo chenyewe ni kizima au atazama nacho. Alichukua mzaha wangu akaujibu kurasa tatu.

Hapo ndipo nilipo, na sijatoka hapo hata baada ya kuona mengi. Sifa zinanakilika. "Macho yako kama mwezi" unaweza kumtumia yeyote, hata usiyewahi kuona macho yake. Jibu halinakiliki. Mtu akilijibu neno lako dogo uliloliweka katikati ya barua, lile ambalo wewe mwenyewe ulikuwa umelisahau, basi alikaa na karatasi yako, akairudia, akaja nayo mezani alipoandika. Hilo huwezi kumlipa mwenzio mkate akufanyie.

Nilikuwa na mwenzangu dukani, tulikaa meza moja ya kukatia vitambaa. Yeye alikuwa na wa Mombasa. Barua zake, subhanallah, zilikuwa tamu, zenye mashairi ya vina kamili, karatasi yenye poda na waridi kwenye pembe. Akizisoma tunaacha mkasi. Lakini yeye alimwandikia mtu yule kwamba babake amelazwa Hospitali ya Kenyatta, na barua iliyokuja ilikuwa na beti nane za bahari na mwezi. Akamwandikia tena. Zikaja beti nyingine. Sikumwambia kitu, si kazi yangu. Alikuja kugundua mwenyewe, mashairi yalitungwa na mtu mmoja, hati ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenye jina alikuwa na mke na watoto Kisauni. Alilia, akamaliza, akaolewa na fundi cherehani wa mlango wa pili ambaye hakuwahi kumwandikia hata risiti.

Na kulikuwa na waliotafuta mbali zaidi. Kulikuwa na shirika moja huko Turku, Finland, lililokuwa likiwaunganisha vijana wa nchi mbalimbali kwa barua tangu mwaka 1952, likafungwa mwaka 2008. Mtaani kwetu kaka zetu waliandikiana na wasichana wa Ulaya na Japani. Wengi walipata stempu nzuri na Kiingereza kikanyooka. Nisiseme zaidi.

Basi mwanzoni mwa 1996 tajiri akapokea mzigo mpya wa leso, na moja ilikuwa na jina ambalo kila muuza leso analijua: Japo sipati, tamaa sikati. Nikaorodhesha majina matano kama kawaida, hilo nikaliweka la mwisho, bila maelezo. Nikatia stempu nikaipeleka Posta mwenyewe, sikumwachia tarishi.

Jibu lilipokuja aliyapitia yote kwa utaratibu wake. La kwanza hivi, la pili hivi, la tatu mama amecheka, la nne halimhusu. Halafu: "La tano nitakuja kulijibu kwa mdomo." Na chini, juu ya jina lake, mahali palipokuwa "Ndugu yako" siku zote, hapakuwa na kitu. Alikuwa hajajua ajiite nani.

Mei mwaka huohuo aliniandikia kwamba anakwenda Bukoba, dada yake wa pili ameolewa huko, kuna arusi ya shemeji. Atapanda treni hadi Mwanza, kisha meli. Atarudi mwisho mwisho wa mwezi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa ndani yake. Nilisikia kwenye redio ya nyanya, wakati wa kuchambua mchele. Nilikuwa na anwani yake, sikuwa na namba ya simu, kwake hapakuwa na simu, na hata ningekuwa nayo ningempigia nani nijitambulishe kuwa ni nani wake? Ndilo jambo la kupendana kwa barua lisilosemwa. Katika msiba wa mwenzio wewe si mtu. Hujulikani. Watamzika, wataomboleza, na wiki ya sita mtu atakuta bahasha ya Nairobi mlangoni aulize huyu naye ni nani.

Siku zilizofuata ikafika barua yake. Nikaipokea mikono ikinitetemeka, nikatazama tarehe, imeandikwa kabla ya safari. Ndani anachekesha, anauliza habari za leso. Sijawahi kusoma kitu kigumu kama barua ile ya furaha. Mtu anacheka nawe na hujui kama yuko hai. Niliirudisha kwenye bahasha sikuigusa tena.

Nikaendelea na kazi. Nyanya alijua bila kuambiwa, akawa ananitengea chai yenye tangawizi na hasemi. Tajiri naye, mtu yule wa kelele, alianza kwenda Posta yeye mwenyewe, gari lake analiacha vibaya barabarani, halafu anarudi na mfuko na kunitikisia kichwa kutoka mlangoni ili nisisimame bure.

Siku aliyokuja nayo hakusema kitu. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, uso wa bahasha juu. Kwanza niliona hati. Ile "N" ya Nairobi anayoivuta mkia chini, hakuna mwingine anayeiandika hivyo. Kisha nikatazama muhuri, nikaupeleka dirishani maana wino ulikuwa hafifu: Kigoma, Juni. Hati yake, tarehe ya baada. Sikuifungua. Niliketi juu ya robota la leso na bahasha imefungwa mapajani, na nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka. Habari zenyewe nilizisoma jioni: mama yake aliugua, safari ikaahirishwa, dada na shemeji wako salama, lakini mtaani kwao walizika watu.

Tangu siku hiyo sikumwita kaka tena katika barua.

Alikuja Desemba. Treni ya Kigoma hadi Tabora, nyingine hadi Mwanza, kisha basi la mpaka wa Sirari, likaingia Nairobi alfajiri. Nilikwenda na kaka yangu kumpokea, maana nyanya alisema msichana wa watu hasimami kituo cha mabasi cha OTC peke yake na mwanga haujatoka. Nilikuwa na picha yake ya pasipoti. Picha ya pasipoti haikwambii urefu wa mtu. Alishuka mwanamume mrefu mwembamba, begani kapu la dagaa, akamwamkia kaka yangu, akaniamkia mimi, kisha akanyamaza.

Alinyamaza siku nzima. Nyumbani alimwambia nyanya "Shikamoo" kwa adabu ile ya Kitanzania, akapiga goti kidogo, na nyanya akawa wake palepale. Sisi wa Nairobi Kiswahili chetu kina mikwaruzo. Baada ya chakula tukaruhusiwa kwenda mkahawani hapo karibu, mdogo wangu akitufuata hatua kumi nyuma. Chai ikaja, mahamri yakaja. Mtu aliyenijibu mzaha kwa kurasa tatu alikuwa mbele yangu, na alichoweza kusema ni kwamba chai ya Nairobi ina maziwa mengi. Mimi nami, muuza leso, mdomo wangu haufungwi kwa kufuli, sikuwa na neno. Tulikuwa tunajuana mambo ambayo hatukumwambia yeyote, na hatukujua tutazame wapi. Sauti yake ilikuwa ngeni. Nilikuwa nimempa sauti nyingine kichwani mwangu, nzito zaidi, na kila akisema nilimtafuta yule mwingine.

Alifikia kwa jamaa wa Kimanyema, wako wengi Majengo tangu zamani. Asubuhi yake mtoto wa nyumba ile akaja dukani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Pembeni juu kulia, namba inayofuata. Alikuwa amerudi akakesha akiandika. Alianza kama kawaida yake: "Najibu la tano."

Hayo mengine ni yangu.

Kinywa kilikuja baadaye, polepole, kwenye safari ya pili. Lakini wazee hawakungoja. Nyanya aliuliza ukoo wake maswali mawili matatu, akampata bibi wa mtu aliyezaliwa Ujiji, akampata na aliyemzika baba yake. Ami yangu akaandika kwa imamu wa huko, nje ya barua zetu kabisa, kuuliza kama kijana huyu hana mke, hana deni la aibu, na anaswali wapi. Nilikasirika wakati ule, nikaona wananivunjia heshima. Sasa nina umri wa nyanya karibu, nawaelewa. Barua zilinionyesha moyo wake vizuri kuliko wao, lakini barua haziwezi kuulizwa na mtu mwingine.

Na posa yenyewe ikaja kwa barua, kama desturi ya kwao ilivyo. Mshenga akaingia na wazee, bahasha imefungwa ndani ya kitambaa, na pesa ndani yake. Ami akaisoma mbele ya watu, Kiswahili kirefu chenye salamu kwa koo zote mbili. Mimi nikiwa nyuma ya pazia niliitambua hati. Kwa kawaida mzee wa ukoo ndiye huandika. Huyu alikuwa ameomba aandike mwenyewe.

Tukaoana 1997, akahamia Nairobi, akashirikiana na ami biashara ya mitumba Gikomba. Mwaka uliofuata, Agosti 7, bomu lilipolipuliwa ubalozi wa Marekani, mama mkwe alisikia redioni Ujiji. Tukampelekea telegramu siku ileile iliyowezekana. Ilimfikia, akasomewa, akashukuru, na hakulala mpaka barua ilipokuja akaonyeshwa hati ya mwanawe juu ya bahasha. Mimi sikuhitaji kuelezwa.

Wanaouliza kama mtu wa kwenye barua ndiye huyohuyo wa nyumbani, nawaambia ni huyo lakini si wote. Wa kwenye karatasi alikuwa msemaji. Wa nyumbani akirudi kazini hutaka maji ya kuoga na kimya. Mwaka wa kwanza nilidhani amenichoka. Tuligombana juu ya pesa anazopeleka kwao, mimi nikisema yote yeye akinyamaza, mpaka siku moja nikakuta chini ya birika la chai karatasi imekunjwa mara nne. Alikuwa amejibu kila nililosema wiki nzima, kwa mpangilio, pamoja na neno moja nililolitoa nikiwa jikoni nikidhani hasikii. Nikaijibu. Tumeishi hivyo. Mambo mepesi tunayasema, mazito yanaandikwa.

Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000 nilifikiri habari hizi zimekufa. Kumbe la. Binti wa dada yangu ana mwanamume Doha, wamejuana kwenye simu, ni mlinzi kule, Mkenya mwenzetu, hawajaonana uso kwa uso. Dada yangu analia kila siku, kasikia za watu waliotumiwa "nitumie kidogo kwa M-Pesa nitakurudishia" wakaliwa akiba yote. Akaniletea mtoto nimuonye. Sikumwonya. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe simu, usinionyeshe anavyokuita. Nionyeshe anavyokujibu."

Akapitisha kidole kwenye skrini, juu, juu zaidi. Asubuhi njema na maua. Usiku mwema na maua. Mioyo. Nikamwona naye anaanza kuona. Kisha akasimama kwenye ujumbe mmoja: alikuwa amemwandikia kwamba mtihani wake wa uhasibu umesogezwa, na kwamba kiatu kimemkatikia Muthurwa. Mwanamume yule aliuliza habari za mtihani wiki mbili baadaye, siku yenyewe. Na la kiatu pia: alirudije nyumbani?

Sijasema ni mzuri. Nimesema tusimfukuze bado. Nikamshauri amwombe barua, ya karatasi, kwa mkono wake. Kijana akakubali, akauliza anwani, na nyumba nzima tukatazamana, hakuna mwenye sanduku. La tajiri lilikufa na tajiri, Mungu amrehemu. Ikabidi mtoto ajiandikishe kwenye ule mpango wa Posta wa kutumia namba ya simu kama sanduku, unapata ujumbe barua ikifika. Ufunguo siku hizi ni wako mwenyewe, hakuna wa kukuinulia bahasha kwenye mwanga.

Mume wangu alikuwa kwenye kochi muda wote huo, gazeti usoni, hana habari nasi. Tulipokuwa tunainuka akateremsha gazeti kidogo.

"Mwambie azitie namba," akasema, akarudi kusoma.